Utani wa Nusu Kwenye Kaburi la Mzee Gaspari

Mwezi uliopita tulimzika Mama Domitila, na mimi nilishika chepe pamoja na vijana mpaka kiuno kikagoma. Kijana mmoja akaninyang'anya kwa adabu, akasema mzee pumzika, usije ukatuchimbisha la pili. Nikiwa pembeni napumua, nikasikia watu wawili wanabishana juu yangu. Mmoja anasema sauti hiyo anaijua, ndo yule aliyekuwa anatangaza habari za vita ya Burundi kwenye redio ya nje. Mwenzake akanikagua kuanzia kofia mpaka viatu, akasema haiwezekani, yule wa redioni ni mtu mnene. Nimezoea. Karibu miaka thelathini watu wamenisikia bila kuniona, na kila mmoja amenitengenezea tumbo analolitaka yeye. Baadaye msemaji wa familia akaniomba niseme maneno mawili matatu, maana marehemu alinilisha ujanani na mimi najulikana kwa mdomo. Nikakataa. Watu wakatazamana, kwa sababu mimi kukataa kusema ni kama fisi kukataa mfupa. Lakini kwenye makaburi yale yale niliwahi kusema siku moja nikiwa kijana, na yaliyofuata ndo yaliyonifanya niwe mwandishi wa aina niliyokuwa. Mwaka ule sijawahi kuuandika. Mama Domitila aliniambia nisubiri afe kwanza. Sasa amelala, naandika.

Vijana wanaoitaka kazi hii huniuliza niliisomea wapi. Nina darasa la saba, basi, na hata hilo darasa la saba mwalimu aliniruhusu nimalize ili niondoke. Nilichojifunza nilijifunza baadaye, kwa kukosea. Vita niliyoiripoti ilikuwa na pande mbili, na majina ya pande hizo hapa sitayataja. Nyie mnayajua, na mimi redioni niliyataja ya kutosha. Kila nikituma habari, zilikuja barua mbili. Moja inasema umenunuliwa na wale, nyingine inasema umenunuliwa na hawa. Mke wangu akazisoma zote mbili, akauliza kama mtu amenunuliwa mara mbili, mbona sisi bado tunakula dagaa. Mhariri naye, kakaa huko mbali kwenye chumba cha baridi, anataka nimwambie kwa nusu dakika nani mbaya. Kama niliona nani kafanya nini, nilisema, tena kwa jina. Nilichokuwa naogopa ni lile neno moja la upande, linalobandikwa kwenye kipaji cha uso wa mtu kabla hajaulizwa. Naliogopa kwa sababu niliwahi kulibandika kwa mkono wangu, tena nikicheka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wakimbizi kutoka Burundi walishushwa na malori mbele huko kupita Kasokola, wakagawiwa msitu. Ilikuwa miombo mitupu na mbung'o wa kutosha kila mtu. Barabara zilipimwa kwa kamba, zikapewa namba, na kila familia ikapata kipande chake kushoto au kulia, na jembe, na mbegu. Mimi nilitokea Inyonga, nina miaka kumi na tisa, tumbaku imenishinda kwa uvivu ambao mpaka leo siutetei. Kwenye mashamba ya tumbaku nililala chumba kimoja na Waha, wakanifundisha Kiha, na Kiha na Kirundi ni watoto wa tumbo moja. Hicho ndo kilikuwa cheti changu. Ofisi ya makazi ikanipa baiskeli na kipaza sauti cha bati, kile cha umbo la faneli, nikawa napita barabara kwa barabara natangaza: leo unga, kesho chanjo, na waliofika jana ni fulani na fulani, mwenye kuwafahamu ajitokeze. Hayo majina ndo yalikuwa habari kubwa. Ukisoma jina, mwanamke anatupa jembe anakuja mbio na matope miguuni, na mara nyingi siye, ni jina tu limefanana. Anarudi taratibu, analiokota jembe. Nikaona siwezi kuwaliza watu kila asubuhi. Nikaanza kutia utani katikati. Nikawatangazia kwamba unga wa leo ni wa njano tena, anayetaka mweupe amwandikie barua muhindi mwenyewe shambani. Wakacheka, wakanipa jina, wakaniita Redio. Sikujua kwamba nimepewa kitu kizito.

Chakula nilikula kwa Mama Domitila, Barabara ya Sita. Alikuwa na watoto wawili, Agnesi na mdogo wake, na mume aliyepotea njiani wakati wa kukimbia, ambaye jina lake nililitangaza kila Jumatatu na hakuna siku mtu alijibu. Nyumba yake ilikuwa ya udongo usiokauka. Ukiegemea ukuta unaondoka na shati la rangi nyingine. Jikoni kulikuwa na mafiga matatu na sufuria mbili za msaada, moja imekatika sikio. Kisamvu alikitwanga asubuhi, kikachemka mpaka jua la saa saba, halafu akakidondoshea mawese yaliyotoka ziwani ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, matone matatu, manne siku ya Jumapili. Jirani yake, Mzee Gaspari, na mkewe Bibi Anjelina, walikula hapo hapo na sisi, kwa sababu Bibi macho yalikuwa yameanza kufifia na moto ulishamuunguza mara mbili. Mama Domitila aliwapikia wale wazee bila mtu kumwomba.

Mzee Gaspari ndo alikuwa rafiki yangu. Nilimweleza habari ya utani, kwamba sisi Wakonongo tuna makabila ambayo ni watani zetu, na mtani anaweza kukutukana, kukuvua kofia, kuingia jikoni kwako na kufunua sufuria, na wewe kukasirika huruhusiwi. Mzee akaliweka tonge chini. Akaniuliza, "Na mkipigana vita?" Nikamwambia tulishapigana zamani, ndo maana siku hizi tunataniana. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akatazama sahani yake. Mwisho akasema basi na yeye nimwandikishe. Toka siku ile nikamwita mwizi wa tumbaku yangu, na yeye akaniita mtoto aliyezaliwa na bati. Bibi Anjelina alitusikiliza, akasema Mungu amemletea wanaume wawili na hakuna mwenye akili.

Sasa kulikuwa na mnong'ono. Niliupata siku moja nikiwa nimechuchumaa nyuma ya kichuguu kwa shughuli zangu, karibu na njia ya kisimani. Wanawake wawili wakasimama palepale kupumzisha ndoo. Mmoja akasema kwa Kirundi kwamba Domitila mama yake mzazi alikuwa wa upande ule, upande wa waliowafukuza. Mwenzake akasema, naye anapikia wazee, nani ajuaye anachotia. Wakabeba ndoo wakaondoka. Mimi kwa hali niliyokuwa nayo sikuweza kutokeza kubisha. Lakini nitasema ukweli, hata ningekuwa nimevaa suruali yangu vizuri nisingebisha. Nililiona kama jambo la kuchekesha. Yule mama asubuhi yote anapigana na kisamvu, na watu wanamdhania sumu. Nikaliweka akilini kama mtu anavyoweka tumbaku nyuma ya sikio.

Mvua zilipokolea Mzee Gaspari alishikwa na homa, siku mbili tu, ya tatu akafa. Nililia. Nasema hilo mapema kwa sababu nitakayoyaeleza yatamfanya mtu adhani sikuwa na uchungu. Kwetu mtani ana kazi yake msibani. Kaburi likishachimbwa anaruka ndani, analala, anakataa kutoka mpaka abembelezwe. Anamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea. Anasema mbele ya watu wote yale yanayosemwa pembeni: kwamba mjane ndiye aliyemuua kwa mapishi mabaya, kwamba shemeji alikuwa anautamani mji. Watu wanacheka huku machozi yanatoka, na mnong'ono unakufa palepale, kwa sababu jambo likishapigiwa kelele na mtani nani tena atalinong'ona? Nimeona hivyo toka utoto. Nikaona rafiki yangu hawezi kuzikwa kimya kama hana mtani duniani. Na nikaona, katika ujinga wangu, kwamba nitamsaidia Mama Domitila.

Nikaruka ndani ya kaburi. Nikalala chali. Mvua ya rasharasha inaniingia machoni. Nikasema kwa sauti ile ile ya barabarani, kwa Kirundi changu cha Kiha, kwamba sitoki, kwamba huyu mzee nimemuua mimi kwa sababu amemaliza tumbaku yangu, na sumu alinipikia Domitila, tena kaitia kwenye kisamvu, muulizeni. Nikasubiri kicheko. Nikafungua macho vizuri, nikaziona nyuso zimeuzunguka ukingo, na hakuna hata moja inayonitazama. Zote zilikuwa zimegeuka upande aliosimama Mama Domitila. Sikuwa nimeelewa kwamba hawa watu waliona mashimo ambayo ndani yake walilala watu wengi bila kuimbiwa. Na kule kwao, kabla ya mtu kuuawa, alianza kutajwa jina kwa sauti kubwa na mtu mwenye kipaza sauti. Bibi Anjelina tu ndiye aliyeuliza, "Nani yuko humo?" Nikatoka mwenyewe kwa kushika mizizi. Nikachukua baiskeli, nikakimbia.

Kesho yake ndoo ya Mama Domitila ilitolewa kwenye foleni ya kisima ikawekwa mbali, chini ya jua. Agnesi alipopeleka moto kwa jirani, jirani akasema wana kiberiti. Jioni, chungu cha pombe ya Barabara ya Sita kikatengwa. Wenzetu hawa hunywa kwa mirija kutoka chungu kimoja, na mwenye pombe huonja mwanzo ili wote waone ni salama. Siku ile mirija iligawiwa watu wote, Mama Domitila akarukwa, kimyakimya, kana kwamba pale alipokaa pana gogo. Nikaona nirekebishe. Nikachukua bati langu, nikapita barabara nzima nikitangaza kwamba maneno ya kaburini yalikuwa utani, hakuna sumu, Mama Domitila ni mtu safi. Mzee mmoja akamwambia mwenzake mimi nikisikia: "Kama si kweli, mbona anaisema mara ya pili?" Baadaye, miaka mingi redioni, kila nilipolazimika kusoma masahihisho nilimkumbuka mzee yule. Waliosikia uongo walikuwa kumi. Masahihisho yaliwafikia kumi hao pamoja na wengine ishirini ambao uongo haukuwahi kuwafikia.

Balozi wa nyumba kumi alikuwa Melkiori, mtu mrefu, mpole, asiyemaliza sentensi. Wanawe wawili walichukuliwa kule kwao mbele ya macho yake. Aliitisha kikao, ikaamuliwa kwamba matanga yakiisha Jumapili Mama Domitila ahame, aende mwisho wa barabara mpya ambako bado ni pori. Mahindi yake yalikuwa yamefika kifuani. Kuhamia pori mwezi ule na watoto wawili ilikuwa ni kuambiwa mwaka mzima ukalishwe na mgao, kama mgao utafika huko. Nikaenda kwa Melkiori. Nilipiga magoti, nikamweleza utani ni nini, nikamwambia kosa ni langu, anifukuze mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema sentensi ya kwanza niliyomsikia akiimaliza: "Wewe ukikosea unarudi Inyonga. Sisi tukikosea tunarudi wapi?"

Nikaenda kwa Bibi Anjelina. Alikuwa amekaa juu ya mkeka kwenye chumba kile kidogo, joho la mumewe limetundikwa ukutani, watu wa matanga wametawanyika nje. Nikamwambia, Bibi, ni mimi niliyekuwa shimoni. Akasema anajua, upofu umeanzia machoni, masikio bado. Nikamweleza tena mambo ya mtani, kwa mara ya tatu wiki ile, na hapo nilishaanza kujichukia. Aliniacha nikamaliza. Halafu akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeuliza. "Huko kwenu, mtani akishamaliza kuropoka, anafanya nini?" Nikamjibu kwamba anatoka shimoni, anafukia. Anakwenda kuchota maji. Anapasua kuni, anapika, anagawa chakula, anaosha vyombo, na ndiye wa mwisho kuondoka msibani. Nikawa nasikia maneno yangu mwenyewe nikiyasema. Bibi akasema, "Kumbe. Basi mume wangu ulimfanyia nusu." Akanyoosha mkono akanitafuta kichwa, akakishika. "Nenda kamalize. Na utapika na Domitila, kwa sufuria zake."

Mama Domitila alinipokea bila salamu. Siku tatu tulifanya kazi bega kwa bega na hakunisemesha ila maneno ya jikoni: chumvi, kuni, geuza. Nilichota maji alfajiri kabla foleni haijaanza, nikabeba mwenyewe ndoo yake ili asiisogeze mtu. Nilitwanga kisamvu mpaka viganja vikatoka malengelenge, akaja akatazama kwenye kinu, akasema hicho ni cha ng'ombe, endelea. Siku ya pili, tukichambua maharage, nilikusanya nguvu nikamuuliza kama lile jambo la mama yake ni kweli. Hakuinua uso. Akasema, "Umelitangaza kwanza, ndo unauliza." Akachambua sana. Halafu akanieleza: mama yake alikuwa wa upande ule kweli, aliolewa kwa ng'ombe na kwa furaha kama watu wengine, akafa zamani kwa uzazi. Na ndugu wa huyo mama ndo waliomficha Domitila na watoto siku nne chini ya kitanda, mpaka wakapata njia ya kutoka. Nikamwambia nitalitangaza hilo, watu wakijua watamhurumia. Hapo ndipo alipoinua uso. Akasema ndugu zake bado wako kule, na ikijulikana kwamba waliificha familia hii watauawa na watu wao wenyewe. Nisiseme mpaka afe, na hata akifa nisiseme majina. Kwa hiyo mwandishi huyu alipata habari yake ya kwanza kubwa akiwa na maharage mapajani, na kazi yake ilikuwa kuinyamazia.

Jumapili matanga yakaisha. Padri alipita mapema akaondoka. Watu wa Barabara ya Sita wakakaa kwenye nyasi mbele ya nyumba ya Bibi Anjelina, nikagawa sahani mimi mwenyewe, mmoja mmoja, kwa mikono miwili. Kila mtu alipokea na kuiweka chini. Mama Domitila alikaa mlangoni, amevaa kitenge chake kimoja kilichofuliwa, akamega ugali akala mbele yao kama wanavyofanya kwa pombe. Hakuna mkono uliosogea. Bibi Anjelina akaomba aongozwe mpaka katikati. Akakaa, akapapasa sahani yake, akala. Alikula taratibu, kisamvu na maharage, akalamba vidole, akaomba aongezewe. Kisha akasema bila kumtazama mtu, na hangeweza, "Gaspari alikula hiki kila siku tangu tulipofika. Homa ndo iliyokuwa ngeni." Wanawake wawili wakaanza kula. Halafu wazee watatu waliokaa chini ya mti. Halafu watoto wote, kwa sababu watoto walikuwa wanangoja tu. Wengine wakaacha sahani zilivyo, wakatazama barabara. Nilihesabu, nikapata nusu kwa nusu.

Melkiori alisimama na sahani yake imejaa. Akaja nayo mpaka mlangoni, akaiweka chini polepole mbele ya Mama Domitila bila kuimwaga hata punje. Akasema, "Abaki. Lakini mimi sili."

Mama Domitila akamtazama. "Sijakuomba ule," akasema. "Niliomba shamba langu."

Baadaye nimehudhuria mikutano ya amani kwenye hoteli zenye mazulia, nimesoma mikataba yenye kurasa nyingi iliyosainiwa kwa kalamu nzuri ikavunjika kabla wino haujakauka. Ule wa mlangoni kwa Bibi Anjelina haukuvunjika. Mahindi yalivunwa na aliyeyapanda. Melkiori aliishi nyumba ya nne kutoka pale mpaka alipofariki, na sijawahi kusikia kwamba alionja chakula cha mama yule hata siku moja, wala kwamba alimruhusu mtu kugusa mpaka wa shamba la mama huyo.

Jua likapungua, watu wakaondoka mmoja mmoja. Bibi Anjelina akaingizwa ndani kulala. Sahani ya Melkiori nikaimwagia kuku, nikazikusanya nyingine, nikaanza kusugua sufuria kwa majivu, nikianza na ile yenye sikio moja. Mama Domitila alitoka na kigoda chake, akakaa si mbali, akanionyesha kwa kidole mahali ambapo masizi yalikuwa bado.